Bunduki ya Mjomba Wangu



Kila mwaka, Kwaresima inapokaribia, nawafundisha wakatekumeni somo juu ya dhamiri. Nimelifundisha mara nyingi, hata nikadhani nalijua. Kumbe nalijua kama mtu anavyojua jina la mto asiowahi kuuvuka. Walionifundisha kweli ni watatu: bunduki ya zamani, nguruwe mmoja, na dada yangu kwa swali lake. Nataka kuwasimulia mambo hayo bila kuficha lililo langu, maana nadhani wako wengi katika parokia zetu wenye kilengo kilichopinda kama changu, ingawa hawajashika bunduki hata siku moja.

Sisi Watabwa wa milima ya Marungu twarithi upande wa mama. Mjomba wangu alikuwa mwindaji mwenye sifa. Alipokufa mwaka 2014, wazee walinikabidhi bunduki yake pamoja na karatasi zake. Nilikwenda kuziandikisha kwa jina langu, kwa kuwa sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali. Tena katika nchi yetu, silaha isiyoandikwa ni taabu kwa mwenyewe na kwa jirani zake.

Bunduki yenyewe si ya kawaida. Mjomba aliipewa zamani na mfugaji mmoja wa Ulaya aliyekuwa akirudi kwao. Ilitengenezwa Suhl, mji wa Ujerumani ambao watu wake wamefua bunduki kwa muda wa karne nyingi. Wajerumani huiita Drilling, jina lililotoka katika neno lao la tatu, kwa sababu ina mitutu mitatu. Miwili ya juu imelala sambamba, nayo ni laini ndani. Hupiga marisaa ya kanga na kwale. Wa tatu uko chini katikati, na ndani yake mna mifereji inayozunguka kama nyuzi za parafujo. Mifereji hiyo huizungusha risasi ili iende sawasawa bila kuyumba. Risasi yake ni moja, nene milimita 9 na sehemu 3, yenye uzito wa gramu 18 na nusu hivi.

Mgongoni mwa bunduki, pale kidole gumba kinapolala, pana kitufe cha kusukuma. Kikiwa nyuma, vifyatuo viwili hupiga mitutu miwili ya marisaa. Ukikisukuma mbele, kibao kidogo chenye pengo husimama chenyewe juu ya mitutu, na hapo kifyatuo cha mbele hupiga mtutu wa chini. Hivyo mwindaji anajua kwa macho ni mtutu gani utakaolia: kibao kikilala, ni marisaa, kikisimama, ni risasi. Kwenye ncha ya mbele pana punje ndogo. Ukitaka kulenga kwa risasi, waitazama punje katikati ya pengo, na juu ya punje wamweka mnyama.

Silaha ya namna hii ni ya mtu asiyejua atakutana na nini. Mwaka 1941 jeshi la anga la Ujerumani liliagiza bunduki za mitutu mitatu kwa marubani wake waliorusha ndege Afrika ya Kaskazini, wapate kujiokoa wakianguka jangwani. Mwaka 1965 Warusi wawili, Belyayev na Leonov, walirudi kutoka angani wakatua mbali na mahali palipopangwa, katikati ya msitu wa theluji, wakalala humo siku mbili. Baadaye Warusi walitengeneza bastola yao ya mitutu mitatu, wakawapa wasafiri wao wa angani toka mwaka 1986. Kwetu Marungu sababu ni ile ile. Mtu hutoka asubuhi kutafuta kanga, na kwenye kona ya njia akamkuta nguruwe-mwitu.

Basi, mwezi wa Agosti mwaka 2020, nilikuwa natoka shamba la juu kwa baisikeli. Bunduki ilikuwa tupu, nimeifunga nyuma kwa kamba ya mpira. Kwenye mteremko kamba ilikatika, bunduki ikaanguka juu ya mawe, ncha ikitangulia. Niliishika kwa hofu, nikaitazama kitako: hakikupasuka. Nikachungulia mitutu: haikubonyea. Nikamshukuru Mungu. Lakini kando ya punje niliona mstari mweupe wa chuma kisicho na kutu, mwembamba sana, mahali palipokuwa peusi siku zote. Niliuona. Naandika tena: niliuona.

Jumamosi iliyofuata nilipiga kanga wawili kwa hatua 30, wakaanguka wote. Nikajiambia, bunduki ni nzima. Ile ya risasi sikuijaribu. Mjomba aliniachia risasi chache za mtutu wa chini, nami nilikuwa nimebakiwa na 14. Risasi za namna hiyo hazipatikani kwetu, na kila moja kwangu ilikuwa na thamani ya mbuzi. Nani atampiga mbuzi wake kwenye karatasi? Hivyo ndivyo nilivyojisemea, nami nikajiona mtu mwenye akili na asiyetapanya mali.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, nguruwe waliingia katika mihogo ya kijiji. Walikuja usiku, wakachimba mpaka alfajiri. Wajane watatu walipoteza karibu mashamba yao yote. Shamba moja tu halikuguswa, la bibi mmoja mzee anayekaa peke yake mwisho wa kijiji. Chifu alinijia akasema, «Mwalimu, una bunduki na una kibali. Utusaidie.» Nilikubali. Nikamchukua mwipwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, kijana wa miaka 17. Kwa desturi yetu, yeye ndiye atakayeirithi bunduki hiyo siku nitakapokufa. Kwa hiyo ilinipasa kumfundisha.

Tulikaa kwenye upepo mwema tangu saa kumi ya usiku. Kulipopambazuka, dume mkubwa alitoka katika mihogo, akasimama ubavu, kichwa kikielekea kulia kwangu. Alikuwa karibu mita 50. Nikasukuma kitufe, kibao kikasimama. Nililenga nyuma kidogo ya bega, nikashusha pumzi, nikafyatua bila kutikisika. Nguruwe alipiga kelele akakimbilia matete. Mwipwa wangu akanong’ona, «Mjomba, umempata!» Nami nilifikiri hivyo.

Tulingoja nusu saa. Tulipofika mahali aliposimama, tulikuta damu kidogo iliyochanganyika na chakula kilichosagwa. Mwindaji anajua maana yake: risasi imepita tumboni. Mnyama wa namna hiyo huteseka muda mrefu, tena ni mwenye hasira, na haifai kumwacha. Tukafuata polepole. Ndani ya matete nguruwe alikuwa amejigeuza akitungoja. Hakunijia mimi. Alimjia mtoto. Alimpasua paja kwa meno yake kutoka goti mpaka karibu na nyonga, na alipogeuka kurudi mara ya pili ndipo nilipompiga kwa marisaa, hatua tatu tu mbele yangu.

Nilimfunga kwa shati langu, nikamweka juu ya baisikeli, tukaenda kilometa 14 mpaka hospitali. Alilala huko wiki sita. Mungu ni mwema: alipona. Lakini hata leo, akipanda mlima, mguu wake wa kushoto unachelewa nyuma ya mwenzake.

Siku ya tatu dada yangu alikuwa barazani mwa hospitali akikamua nguo. Akaniambia, «Ndugu yangu, wewe hukosi. Marehemu mjomba alikusifu kwa hilo. Bunduki ilikuwa na ubovu?»

Nikajibu, «Sikujua.»

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukamua nguo. Neno langu lilikuwa kweli mdomoni na uongo moyoni. Ni kweli sikujua. Lakini nilijua mahali pa kutazama, na kwa muda wa miezi tisa sikutazama.

Ingalikuwa hilo tu, labda ningalinyamaza mpaka leo. Lakini kijijini watu hawapendi jambo lisilo na sababu. Mwalimu hakosi, walisema, leo amekosa. Nguruwe humkimbia mwenye bunduki. Huyu amemfuata mtoto. Mashamba yote yameharibika. La bibi yule ni zima. Mwanzo walisema kisimani kwa sauti ndogo. Halafu wakasema kwa sauti kubwa. Juma la pili mtu alitupa mawe usiku juu ya paa lake. Dominika ile bibi hakuja kanisani, ingawa kwa miaka yote ninayomjua alikuwa akikaa benchi la pili upande wa Bikira Maria.

Niliposimama mbele ya watu kuongoza sala, nililiona lile benchi. Nikafahamu kwamba ukimya wangu ulikuwa unamrushia yule mama mawe. Mimi ndiye niliyefundisha katika nyumba ile kwamba Mkristu hafuati mambo ya kushtaki watu uchawi. Nami ndiye niliyekuwa na jibu la kweli mfukoni, nikilificha kwa aibu ya mstari mmoja mweupe.

Kesho yake nilichukua bunduki nikaenda kwa fundi wetu wa vyuma, mzee anayefua majembe na kutengeneza bunduki za wawindaji. Aliifungua, akahakikisha ni tupu, akachungulia mitutu, akakaza parafujo moja iliyolegea. Halafu akapitisha kidole gumba juu ya punje.

«Mwalimu, kovu hili ni la lini?»

«La mwaka jana, Baba. Ilianguka.»

«Na tangu siku ile umeipiga kwenye karatasi?»

«Sikuipiga.»

Hakunilaumu. Alisema tu, «Basi umekuwa ukiwauliza nguruwe jambo ambalo karatasi ingekuambia.»

Nikamwomba aje kijijini afanye kazi hiyo mbele ya watu. Nikamwendea chifu, nikamwomba awaite wazee, na dada yangu, na yeyote anayetaka kuja. Sikumweleza sababu, ila nilisema kwamba nitaonyesha nani aliyemjeruhi mtoto. Watu walikuja wengi kuliko wanaokuja mafundisho ya Alhamisi.

Tulichagua kichuguu kikubwa nyuma ya shule, kisicho na njia wala nyumba upande wa pili, kwa kuwa risasi ya uzito ule ikikosa ardhi ngumu ya kuizuia huenda mbali sana. Watu wote walikaa nyuma yangu. Tulibandika karatasi kubwa, katikati tukachora duara jeusi. Fundi alipima mita 50 kwa kamba. Akaweka meza, na juu yake gunia la mchanga. Akanionya nisilaze mitutu juu ya kitu kigumu, maana bunduki ikilia huruka ikikimbia ugumu ule, na risasi haifiki inapotumwa; gunia na likae chini ya mti wa mbele, pale mkono wa kushoto unaposhika.

Nilipiga mara tatu, moja baada ya nyingine, bila kupumzika, kwa kuwa nilitaka mambo yaishe. Tukaenda kutazama. Matundu yote matatu yalikuwa kushoto kwa duara, sentimita 15. Tena hayakuwa pamoja: la pili lilikuwa juu ya la kwanza, na la tatu juu ya la pili, kama ngazi.

Nikasema, «Baba, ina makosa mawili. Yaenda kushoto na yapanda juu.»

Akajibu, «Kosa la bunduki ni moja. La pili ni lako.» Akaniambia niushike mtutu wa chini: ulikuwa wa moto. Niishike mitutu ya juu: ilikuwa karibu baridi. «Mitutu hii mitatu imeunganishwa kwa lehemu kama ndugu waliofungwa kamba moja. Wa chini ukipata moto hurefuka, lakini wenzake wanauzuia. Basi huinua ncha juu. Bunduki hii haikufanywa kwa vita. Ilifanywa kwa risasi moja kutoka mtutu wa baridi. Tundu la kwanza ndilo linalosema kweli. Hayo mengine mawili yanasema haraka yako.»

Tundu la kwanza lilikuwa kushoto, lakini urefu wake kutoka chini ulikuwa sawa na wa duara. Kama ningalifuata mawazo yangu, ningalitengeneza hata lililokuwa jema.

Hapo nilitoa wazo ambalo nadhani wengi wangelitoa. «Kwa kuwa twajua yaenda kushoto sentimita 15, kwa nini nisilenge kulia kwa kiasi hicho, tukaiacha punje mahali pake?»

Mzee alicheka. «Kwa mita 50 ni 15. Kwa mita 25 ni saba na nusu. Kwa mita 100 ni 30. Utakuwa ukipiga hesabu na nguruwe anakujia? Na siku mwipwa wako atakapoichukua, wewe ukiwa kaburini, nani atamwambia?»

Niligeuka, nikamwona dada yangu anatusikiliza.

Fundi alipima kutoka pengo mpaka punje: sentimita 50. Akaandika chini kwa kijiti, watu wote wakaona. Karatasi iko mita 50, yaani urefu ule mara 100. Kwa hiyo, kila milimita moja ya punje inakuwa milimita 100 kwenye karatasi, ndiyo sentimita 10. Kosa letu ni sentimita 15. Basi punje imehama milimita moja na nusu. Halafu akachukua rula ya mtoto wa shule, akaiweka juu ya lile kovu jeupe kando ya punje, akawaita wazee waje kutazama. Upana wa kovu ulikuwa milimita moja na nusu.

Watu walinyamaza. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Chuma kilikuwa kimeandika hesabu hiyo tangu siku ya kuanguka, na karatasi ilikuja kusoma tu.

Jiwe lilikuwa limeisukuma punje kulia katika mfereji wake. Punje ikienda kulia, mwindaji huipeleka ncha ya bunduki kushoto ili aione katikati ya pengo. Basi risasi huenda kushoto. Fundi alinifundisha kanuni ambayo nimeiandika katika daftari langu: punje ya mbele ifuate kosa, pengo la nyuma likimbie kosa. Risasi ikienda kushoto, punje ipelekwe kushoto. Ikienda chini, punje ipunguzwe kwa tupa. Lakini hapo uwe mwangalifu, kwa maana chuma kilicholiwa na tupa hakirudi. Alichora alama nyembamba kwa sindano, akaweka kipande cha shaba juu ya punje ili asiiumize, akaigonga kwa nyundo ndogo, polepole, mpaka kovu likafunikwa.

Tulingoja mitutu ipoe kabisa. Nilipiga risasi moja: ikapiga ukingo wa duara. Tukangoja tena, robo saa na zaidi, watoto wakianza kuchoka. Nilipiga nyingine: ikakaa kando ya ile ya kwanza, karibu ziguse. Asubuhi ya pili, kabla ya jua kali, nilipiga ya mwisho kutoka mtutu uliolala baridi usiku kucha. Ikaingia kati ya hizo mbili. Nilikuwa nimetumia risasi sita. Zikabaki saba.

Mmoja wa wazee aliuliza, «Ikiwa ilipinda, mbona kanga walikuwa wakianguka?» Swali hilo lilikuwa zuri. Fundi alibandika karatasi nyingine kwa mita 25, akaniambia nipige marisaa. Matundu yalitawanyika mahali papana kama ungo. Marisaa husamehe. Sentimita chache za kosa hufichwa katika wingi wao. Risasi ni moja, haina mwenzake wa kuificha. Ndiyo sababu kanga walinidanganya: mambo madogo yalikuwa yakifaulu, nami nikayafanya ushahidi kwamba hata mambo makubwa ni salama.

Jioni ile ya kwanza, kabla watu hawajatawanyika, nilisema mbele yao. Sikusema mengi. Nilisema kwamba aliyemjeruhi mtoto si mchawi wala si bibi mzee. Ni milimita moja na nusu, na mtu aliyeiona akanyamaza kwa kuhurumia risasi zake. Nilimgeukia dada yangu nikamwambia, «Uliniuliza, nikajibu sikujua. Sikutaka kujua.» Alinitazama muda mrefu. Halafu akasema, «Sasa umenijibu.» Siku ile hakusema zaidi, na ilipita miezi kabla hajacheka tena nyumbani kwangu. Sikuona kwamba alikosea.

Chifu alikwenda mwenyewe pamoja na wazee mpaka nyumba ya bibi. Mimi nilifuata nyuma na mabati mawili ya kutengeneza paa. Kuhusu shamba lake, fundi aliuliza kwa nini nguruwe hawakuliingia, na bibi akatuonyesha: mwaka mzima alikuwa amelizungushia uzio wa miiba, kwa mikono yake, kidogo kidogo kila jioni. Hakuna aliyekuwa amekwenda kutazama. Nilimwomba msamaha. Akasema, «Mwalimu, asante kwa karatasi.» Dominika iliyofuata alikaa benchi lake la pili.

Wasomaji wapenzi, mnajua kwamba nilipita seminarini kabla ya kuwa katekista. Huko tulifundishwa Kigiriki kidogo, na mwalimu wetu alituonyesha kwamba neno la dhambi katika Agano Jipya, hamartia, asili yake ni kukosa shabaha. Hata Kiebrania kina neno kama hilo. Kitabu cha Waamuzi chasimulia juu ya watu 700 wa Benyamini, wenye kutumia mkono wa kushoto, waliotupa mawe kwa kombeo bila kukosa hata kwa unywele. Na neno linalotumika pale kwa kukosa ni lile lile la kutenda dhambi. Nililijua hilo kwa mtihani, nikapata alama nzuri.

Lakini sikufikiri juu ya kilengo. Nilidhani mwenye kukosa ni mtu ambaye mkono wake unatetemeka, au ambaye hakutaka kupiga shabaha. Siku ile ya nguruwe mkono wangu haukutetemeka, na nia yangu ilikuwa njema: kuwasaidia wajane. Nililenga vizuri kabisa kwa kilengo kibovu. Ndivyo ilivyo dhamiri. Yatupasa kuifuata, naam. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba hata ikikosea yatufunga. Lakini afundisha pia kwamba, kutojua kukiwa ni kwa kupenda au kwa uvivu, hakumwondolei mtu hatia. Nao Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulieleza kwamba dhamiri inayokosea bila kosa la mwenyewe haipotezi heshima yake. Lakini si hivyo kwa mtu asiyejali kutafuta ukweli na wema. Tofauti kati ya watu hao wawili ni mstari mweupe. Mmoja hakuuona. Mwingine aliuona akapita.

Kwa hiyo, tunapojiandaa kwa Sakramenti ya Kitubio, tusitafute tu mahali risasi zilipoangukia. Tutazame punje. Ugomvi wa leo na wa jana na wa juzi, wote ukianguka upande ule ule, si bahati mbaya. Tusisogeze kilengo kwa kosa moja tulilolifanya kwa haraka na joto. Tungoje tupoe, tuone lile tundu la kwanza. Tusijifariji kwa kanga wetu, yaani kwa mema madogo yanayofaulu. Tena tusizoee kulenga pembeni kwa kuujua upungufu wetu na kuuzungukia kila siku, maana wako watoto watakaorithi kilengo chetu bila kurithi hesabu zetu. Wazee walisema vema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nililipa wiki sita za mtoto kitandani na mawe juu ya paa la mama asiye na hatia, nikihurumia risasi tatu au nne.

Mwipwa wangu sasa ameanza kujifunza. Kila mwaka, mwanzo wa kiangazi, twaenda pamoja kwenye kichuguu, twapiga risasi moja tu kutoka mtutu wa baridi, kisha twaandika tarehe juu ya karatasi. Risasi zitakwisha siku moja, na bunduki itabaki ya kanga tu. Haidhuru. Ile karatasi ya kwanza yenye matundu matatu ya upande wa kushoto nimeitia katika kitabu changu cha mafundisho, kwenye ukurasa wa somo la dhamiri. Wakatekumeni wakiuliza ni ya nini, nawasimulia niliyowasimulia ninyi.

Bikira Maria, Kikao cha Hekima, atuombee.